Bahari Ipimwavyo Bila ya Kuguswa



Kila mwaka, mwezi wa Agosti ukikaribia kwisha, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutangaza khabari za mvua za vuli, nasi huzisikia redioni majumbani mwetu. Katika matangazo hayo hayakosi maneno kama haya: kwamba maji ya Bahari ya Hindi, upande wa magharibi, yamezidi joto kuliko desturi yake, au yamepoa, na kwa hiyo mvua yatazamiwa kuwa nyingi au chache. Sisi wakazi wa Busawe, katika bonde la Mto Mara, tuko mbali na pwani kwa zaidi ya kilomita 600, na wengi wetu bahari hatujapata kuiona kwa macho. Ndiyo maana barazani utawasikia wazee wakiuliza: ya bahari yatuhusu nini sisi wenye mahindi na ulezi? Vijana wa madrasa wana swali jingine, nami naliona bora kuliko lile la wazee. Wao huuliza: hao wasemao kuwa bahari imepata joto, ni nani aliyewapimia? Bahari haina mwisho kwa macho ya mtu, wala haitulii mahali pamoja kama maji ya sufuria. Kipimajoto gani kitatiwa humo?

Wazee niwajibu kwa ufupi. Mwaka 1961, katika miezi ya vuli, mvua ilinyesha katika nchi za Afrika Mashariki hata mito ikafurika na Ziwa Victoria likaanza kupanda, nalo likaendelea kupanda mpaka mwaka 1964, kwa zaidi ya mita 2. Mwaka 1997 zikaja zile mvua ambazo watu mpaka leo huziita mvua za El Nino. Mwaka 2019 vuli ikafurika tena, na mwezi wa Mei 2020 maji ya Ziwa yakavuka kidogo alama ya mwaka 1964. Watu wa kandokando, kwetu Tanzania na kwa jirani zetu wa Kenya na Uganda, wakahama nyumba zao. Katika miaka hiyo yote mitatu ya mvua nyingi, maji ya Bahari ya Hindi ya upande wetu yalikuwa na joto la kuzidi, na yale ya upande wa Sumatra yalikuwa yamepoa. Mwaka 2022 mambo yaligeuka: joto likawa upande wa Sumatra, na huku vuli ikawa haba, hata wakazi wa Dar es Salaam wakapewa maji kwa zamu kwa sababu Mto Ruvu ulikuwa umepungua. Mwaka 1999 wataalamu waliokuwa wakifanya kazi Japani waliieleza hali hii ya bahari kuelemea upande mmoja kama mizani, na tangu hapo imekuwa ikifuatwa kila mwezi. Na tofauti yenyewe ya joto si kubwa. Ni digrii moja, au mbili ikizidi sana. Basi haya ya bahari yatuhusu, tena yatuhusu kwa kipimo kidogo ambacho mtu akitia mkono wake majini hawezi kukitambua.

Sasa nije kwa vijana.

Zamani joto la bahari lilipimwa kwa ndoo. Baharia aliteremsha ndoo ya turubai ubavuni mwa meli, akavuta maji, akatia kipimajoto, akaandika katika daftari. Kazi hiyo ilifanywa kwa miaka mingi na ilileta faida, ila meli hupita njia zake zile zile, na baina ya njia na njia hubaki bahari pana isiyopitwa na mtu. Tena ndoo ikikaa juani kidogo, au ikipigwa na upepo, maji yake hubadilika kabla kipimajoto hakijasomwa. Baadaye vikaja vyombo vya angani vinavyoizunguka dunia, vikaanza kuitazama bahari kwa ile miali ya joto isiyoonekana kwa macho. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Walakini miali hiyo haipenyi wingu, nasi twajijua: wakati tunapotaka sana khabari za bahari ndio wakati mawingu yamejaa juu yake. Pazia hufungwa saa ile ile mgeni anapobisha hodi.

Ndipo wataalamu wakageukia njia nyingine, nayo ndiyo nitakayo kuieleza leo. Mama wa nyumbani akishaondoa moto mafigani, jiwe haliwaki tena wala haling'ai, lakini akilisogezea kiganja atahisi joto lake kwa mbali bila ya kuligusa. Jiwe latoa kitu. Na si jiwe la moto peke yake. Kila kitu chenye joto, hata kile tukiitacho baridi, hutoa mawimbi yake, kingi zaidi au kidogo zaidi. Sehemu moja ya mawimbi hayo ni ile miali niliyoitaja. Sehemu nyingine, dhaifu mno, ni mawimbi ya redio yaliyo mafupi, ambayo huitwa maikrowevu. Jina hili baadhi yenu mwalijua kwa lile sanduku la umeme la kupashia chakula. Mawimbi ni ya ukoo mmoja, ila sanduku lile huyatoa kwa nguvu, na chombo ninachokisimulia hakitoi kitu chochote. Chenyewe husikiliza tu. Huitwa radiometa. Fadhila kubwa ya mawimbi haya ni kwamba hupita katikati ya mawingu karibu kama sauti ipitavyo katika pazia.

Lakini bahari husema kwa sauti ndogo. Ardhi kavu hutoa karibu yote iwezayo kutolewa na kitu cha joto lake. Bahari, ikitazamwa kutoka juu moja kwa moja, haitoi hata nusu. Sababu yake waweza kuiona jikoni. Birika lililosuguliwa likang'aa hukaa na chai ya moto muda mrefu kuliko sufuria iliyojaa masizi, kwa kuwa king'aacho hurudisha miali na hutoa yake kwa uchache. Maji ya bahari, kwa mawimbi haya ya redio, ni kama birika lile. Wataalamu huhesabu joto kuanzia ule ubaridi wa mwisho ambao chini yake hapana ubaridi mwingine, yaani digrii 273 chini ya sifuri ya kipimajoto chetu. Kwa hesabu hiyo, maji ya pwani yetu yenye digrii 27 huwa digrii 300. Radiometa ikiyatazama kutoka juu huyaona kama kitu cha digrii 120 hivi. Na bahari ikipanda joto kwa digrii moja kamili, chombo huona badiliko la sehemu tu ya digrii. Huko ndiko kutafuta sindano.

Pana taabu nyingine iliyo kubwa kuliko hiyo. Chombo chenyewe, kwa kuwa nacho kina joto, hujitolea makelele yake ndani yake, na makelele hayo huizidi sauti ya bahari. Ni kama mtu atakaye kusikiliza mnong'ono ilhali masikio yake mwenyewe yanavuma. Mmarekani mmoja, Robert Dicke, alitoa dawa ya jambo hili katika maandiko yake ya mwaka 1946. Shauri lake lilikuwa hili: usikiaji wa chombo ugeuzwe upesi upesi, mara nyingi katika kila sekunde, mara kielekee kwenye kile unachotaka kukipima, mara kielekee kwenye kitu kilichomo chomboni ambacho joto lake unalijua kwa yakini. Makelele ya chombo ni yale yale katika hali zote mbili, basi yakitolewa hii katika hii, huanguka, ikabaki tofauti peke yake. Mwenye duka hafanyi zaidi ya hayo. Hakuambii sukari hii ina uzito gani kwa kuishika mkononi. Huiweka mkabala wa jiwe la mizani ambalo uzito wake umekwisha kuthibitishwa. Pasipo jiwe la kweli, mizani nzuri ya shaba haina maana.

Na bahari nayo ilihitaji jiwe lake la mizani. Kabla ya kukitia chombo angani juu kabisa, mahali ambapo mtu hawezi kukifikia akakirekebisha, ilipasa kwanza kukipakia katika ndege, kuiruka bahari yenyewe, na kutazama kama kisemavyo ndivyo ilivyo. Ni kweli kwamba Warusi walitangulia kurusha radiometa ya namna hii katika chombo chao kiitwacho Kosmos 243, mwezi wa Septemba 1968. Lakini ilimu ya kuifahamu sauti ya bahari kwa undani ilipatikana zaidi kwa ndege.

Mwezi wa Machi 1969 shirika la anga la Marekani, NASA, lilikuwa na ndege kubwa ya abiria ya aina ya Convair 990 iliyogeuzwa kuwa maabara. Bwana William Nordberg, mzaliwa wa Austria, pamoja na wenzake, waliirusha juu ya Bahari ya Atlantiki na Bahari ya Kaskazini, ikiwa na radiometa isikilizayo mawimbi yenye urefu wa sentimita 1.55. Walichagua makusudi siku za shwari na siku za tufani, hata upepo wa mita 25 kwa sekunde, ambao ni kiasi cha kilomita 90 kwa saa. Kabla ya hapo watu walijua kuwa bahari iliyochafuka yaonekana tofauti na bahari iliyotulia. Jambo walilolipata hawa ni kwamba upepo ukishapita kiasi cha mita 7 kwa sekunde, bahari huanza kuonekana ya moto zaidi na zaidi, ingawa maji yake hayakuongezeka joto hata kidogo. Kilichofanya hivyo ni povu. Povu jeupe juu ya mawimbi halirudishi miali kama maji matupu. Lenyewe hutoa karibu kila kiwezacho kutoka. Ni masizi juu ya birika.

Natamani kila kijana apafikiri hapa kwa kitambo. Mtu mwepesi angesema: povu latuharibia kipimo chetu cha joto, ni adui. Na kwa hakika asiyelijua povu angepima bahari yenye upepo akasema imepata joto, akawatangazia watu mvua isiyokuja. Lakini wale waliolijua walipata mambo mawili mahali pa moja. Waliweza kulitoa povu katika hesabu ya joto, na tena waliweza kuutambua upepo kwa povu lake, bila ya kuwa na mtu yeyote chini aliyeupima. Manahodha wa majahazi wamekuwa wakiusoma upepo kwa weupe wa bahari tangu dahari. Radiometa ilijifunza kusoma herufi zile zile, usiku na mchana, na mawingu yakiwa yametanda.

Zipo herufi nyingine. Mawimbi ya redio yenye urefu wa sentimita 21 huguswa na chumvi ya maji. Yale ya sentimita 3 hadi 6 ndiyo yafaayo zaidi kwa joto. Yale ya sentimita 1 na kidogo huguswa na mvuke uliomo hewani. Basi chombo kizuri husikiliza urefu mbalimbali kwa pamoja, kama hakimu asikilizaye mashahidi wengi, kila mmoja na alilolishuhudia.

Kazi hii haikufanywa bila ya gharama. Mwanzoni mwa mwaka 1973, ndege ile ile ya Convair, ambayo waliipa jina la Galileo, iliruka juu ya Bahari ya Bering, baina ya Marekani na Urusi, kushirikiana na ndege ya Warusi ya aina ya Ilyushin 18. Zilikuwa siku za uhasama mkubwa baina ya dola hizo mbili, na hata hivyo wanachuoni wao walipanga ndege zao zipime bahari na barafu kwa pamoja ili vipimo vya hawa vihakikishwe kwa vipimo vya wale. Majuma machache tu baada ya kazi hiyo, tarehe 12 Aprili 1973, Galileo ilikuwa ikirudi kutua katika uwanja wa Moffett, huko California. Ndege ya jeshi la majini, ya aina ya Orion, ilikuwa ikitua wakati huo huo. Zote mbili zikajikuta juu ya njia moja ya kutulia, ya chini isiione ya juu. Zikagongana na kuanguka katika kiwanja cha gofu. Watu 11 waliokuwa katika Galileo walikufa wote, na katika Orion mlikuwa na watu 6, akaokoka mmoja. Tusikiapo redioni namba moja fupi ya joto la bahari, ni vyema kukumbuka kwamba namba kama hizo zina watu nyuma yake.

Tangu hapo ndege hazikuacha. Mwaka 1980, kimbunga kilichoitwa Allen kilipokuwa kikivuka Bahari ya Karibi na Ghuba ya Mexico, Wamarekani waliingia ndani yake kwa ndege iliyochukua radiometa ya namna mpya. Chombo hicho husikiliza mawimbi ya urefu mmoja, kisha urefu mwingine, ngazi kwa ngazi, baina ya sentimita 4 na 7 takriban. Sababu ya ngazi hizo ni mvua. Ndani ya kimbunga kuna povu baharini na kuna mvua kubwa hewani, na vyote viwili huongeza mng'ao. Utavitenganishaje? Povu husema karibu sawasawa katika ngazi zote. Mvua husema kwa nguvu katika mawimbi mafupi na kwa udhaifu katika marefu. Kwa kulinganisha ngazi na ngazi, upepo wa chini hujulikana peke yake, na mvua peke yake. Na ili wasijidanganye, marubani hudondosha kutoka katika ndege vipimo vidogo vyenye mwavuli, ambavyo hushuka vikipima upepo mpaka vinapopiga maji, kisha vyote viwili hulinganishwa. Ndege wazitumiazo kwa kazi hii, ambazo zingali zikiruka, ni za ukoo ule ule wa Orion.

Kwa maarifa yaliyokusanywa hivyo, vyombo vya angani vikaweza kuaminiwa. Mwaka 1978 Wamarekani walirusha viwili, Seasat na Nimbus 7. Seasat ilikufa baada ya siku 105 tu kwa hitilafu ya umeme, ila Nimbus iliishi. Kwetu sisi wa nchi za joto, kilichokuwa na manufaa zaidi ni chombo cha Wamarekani na Wajapani kiitwacho TRMM, kilichorushwa kutoka kisiwa cha Tanegashima tarehe 28 Novemba 1997. Njia yake haikwenda mpaka nchi za barafu. Ilizunguka karibu na Ikweta, na kwa hiyo ilipita juu ya bahari yetu mara nyingi zaidi. Tazama tarehe hiyo. Ilikuwa katikati ya mvua zile zile za El Nino nilizozitaja, bahari yetu ikiwa imewaka na mawingu yamefunika. Chombo kilianza kazi yake kikaikuta hali ambayo kwacho kama ndiyo kilichoumbiwa, kikapima joto la maji chini ya mawingu. Kikadumu mpaka mwaka 2015. Leo vipo vingine, vya Wajapani na Wamarekani, vifanyavyo kazi hiyo.

Msomaji wa pwani huenda ataniuliza: ndege za kuingia katika vimbunga zapita pia juu ya bahari yetu? La. Katika Bahari ya Hindi ya upande huu hakuna ndege za zamu za namna hiyo. Vimbunga vyetu hufuatwa na kituo kilichoko kisiwa cha Réunion, pamoja na mamlaka za nchi zetu, kwa vyombo vya angani na kwa hesabu za mashine. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja bila ya mtu kujua kuwa inakuja. Merikebu za Sayyid Barghash zikaharibika bandarini, na mikarafuu ya Unguja ikang'oka kwa wingi, Pemba ikasalimika. Tarehe 15 Aprili 1952 tufani nyingine ikaipiga Lindi. Lakini mwanzo wa Mei 2024, kilipotokea kimbunga kilichoitwa Hidaya, jina tulilozoea kuwapa binti zetu, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikwisha kutoa onyo kabla hakijafika. Vyombo vya abiria baina ya Dar es Salaam na Unguja vikasimamishwa. Tarehe 3 Mei kilikuwa na nguvu zake zote huko baharini, na tarehe 4 kikafika Mafia kikiwa kimekwisha dhoofika. Mvua yake iliikata barabara ya kusini huko Somanga, magari yakakwama kwa siku kadhaa.

Baada ya hapo niliwasikia watu wakicheka. Walisema: tumetishwa, upepo wenyewe ulikuwa mdogo. Maneno haya siyapendi. Kimbunga kilikuwa kikubwa kilipotangazwa, na kilipodhoofika pia ilitangazwa. Mtu aliyelala nyumbani siku mbili akapata hasara ya siku mbili hakudanganywa. Na aliyeko juu ya bahari hapewi nafasi ya pili ya kuamua. Vivyo hivyo kuhusu mvua za vuli. Mtabiri asemapo kwamba mvua huenda ikawa juu ya wastani, wako waonao kuwa anababaika kwa kuwa hakusema itanyesha Jumanne. Mimi namwona mkweli. Anajua kipimo chake cha joto kina kosa la nusu digrii hivi, anajua kuwa bahari si sababu pekee ya mvua, naye anakuambia kwa kadiri ajuavyo. Yule akuambiaye siku na saa kwa kutazama nyota hana hata ndoo ya turubai.

Hata hivyo chombo cha angani kina upungufu wake, nao watugusa sisi wa bara kuliko mtu adhaniavyo. Radiometa iliyo juu sana haioni nukta ndogo. Tazamo lake moja hufunika makumi ya kilomita. Ikiwa baharini mbali, si neno. Ikikaribia pwani, sehemu ya tazamo hilo huangukia juu ya nchi kavu, na nchi kavu, kama nilivyosema, hung'aa zaidi ya mara mbili ya maji. Ni kama kutaka kuuona mwanga wa kibatari kilichowekwa kando ya karabai. Kwa hiyo mkondo ulio baina ya Unguja na Bara, ambao upana wake mahali pengi haufiki kilomita 50, hauonekani vizuri kwa njia hii. Ziwa letu la Victoria ni pana, lakini ghuba zake na visiwa vyake vingi vyaleta taabu ile ile. Joto lake hupimwa zaidi kwa ile miali isiyopenya wingu, wakati wingu likitoka. Ndege irukayo chini, kilomita chache tu juu ya maji, tazamo lake ni la mita mia chache. Ndege yaweza kuona ghuba. Ndiyo maana hazikuachwa hata baada ya vyombo vya angani kuenea.

Mwishoni mwa Januari 2019 ndege moja ya utafiti ya Waingereza iliruka kutoka Entebbe, ikavuka Ziwa Victoria. Haikwenda kupima joto la maji kama Galileo ilivyofanya. Ilikwenda kupima upepo, joto la hewa na unyevu wake, mara moja alasiri na mara nyingine alfajiri. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, na upepo hutoka ziwani kuja nchini. Usiku nchi hupoa, maji yakabaki na joto lake, na upepo hugeuka, hutoka nchini ukakutana katikati ya Ziwa na ule wa ng'ambo. Hapo hewa hupanda, na kabla ya kupambazuka radi na dhoruba huangukia wavuvi ambao wametoka na taa zao kutafuta dagaa. Kila mwenyeji wa Musoma, na hata huku kwetu, anayo nyumba aijuayo iliyopoteza mtu kwa namna hiyo. Ndege ile ilikuwa sehemu ya kazi iliyounganisha mamlaka za hali ya hewa za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda pamoja na Waingereza, kwa kusudi la kuwaonya watu wa Ziwa. Na hayo maonyo ya upepo na mawimbi ya Ziwa yamekuwa yakitolewa tangu hapo, yakigawanya usiku na mchana. Mwenye mwana au ndugu katika mitumbwi ya dagaa na ayasikilize kabla ya magharibi, amfikishie kwa simu yule asiye na redio.